Mmoja anaumwa, chanzo kiko kwa jirani yake: utatuzi wa matatizo kwenye nyumba yenye wanyama wadogo wengi

Nyumba yenye paka peke yake ina matatizo ya paka. Nyumba yenye paka, sungura wawili, simbilisi (guinea pig), tundu la kasuku wadogo na tangi la samaki sebuleni ina matatizo ya aina nyingine, kwa sababu kinachomfaa mnyama mmoja kinaweza kumuua wa pili. Maswali yanayonifikia kutoka kwa wafugaji wa nyumbani, wengi wao wa Dar es Salaam na baadhi wa Mombasa na Nairobi, yanafanana mno: sungura ghafla hali, samaki wote wamekufa usiku, kila mwenye manyoya anajikuna. Na mara nyingi chanzo hakiko kwenye banda la mgonjwa. Kiko kwenye banda la jirani, kwenye kichupa cha dawa kilichonunuliwa kwa ajili ya mnyama mwingine, au kwenye gunia la chakula cha kuku ambalo sungura naye alichotewa.

Kwa hiyo kabla hujamshika mgonjwa, jiulize mambo matatu. Wiki hii kuna mnyama mgeni aliyeingia? Kuna chakula kipya au gunia jipya? Kuna kitu kimepulizwa, kimechomwa au kimepakwa ndani ya nyumba, iwe dawa ya mbu, dawa ya mende, rangi au dawa ya viroboto? Andika majibu. Daktari wa mifugo atayahitaji kuliko maelezo yoyote mengine utakayompa kwa simu.

Chini ya kila dalili, vyanzo vimepangwa kuanzia kile kinachotokea sana.

Sungura ameacha kula

Dalili hii inaua haraka kuliko watu wanavyodhani. Utumbo wa sungura umeumbwa kufanya kazi bila kusimama. Hawezi kutapika, na chakula kikikwama tumboni gesi hujaa, maumivu humzuia kula, na kutokula huzidisha kukwama. Sungura ambaye hajala wala hajatoa kinyesi kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, hata kama ametulia na macho yake yanang'aa. Simbilisi ni vivyo hivyo.

*Chakula laini kupita kiasi.* Pumba, mkate, ugali, wali uliobaki, peleti (chakula cha kiwandani cha punje) asubuhi na jioni: hivi hujaza tumbo bila kulisukuma. Nyasi, mbichi au kavu, ndizo mlo wenyewe, kiasi cha asilimia 80 ya anachokula kwa siku, na lundo analopewa liwe kubwa kama mwili wake. Angalia kinyesi. Vidonge vizuri ni vikubwa, vikavu, vya mviringo, na ukivivunja utaona nyuzi za nyasi ndani. Vikiwa vidogo, vyeusi, vimeungana kwa manyoya, tatizo lilianza siku kadhaa zilizopita. Usivichanganye na vile vilaini, vinavyong'aa na kushikana, anavyovila mwenyewe moja kwa moja. Hivyo ni sehemu ya lishe yake.

*Maji.* Bado wapo wanaoamini kwamba sungura hanywi maji, yanatosha yale ya kwenye majani. Si kweli. Sungura hunywa takriban mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na wakati wa joto zaidi. Kama unatumia chupa ya kuning'iniza, gusa kwa kidole kijipira cha chuma kilichoko mdomoni mwa chupa uone kama maji yanatoka. Mara nyingi chupa imejaa na kijipira kimeng'ang'ania, na mnyama ana kiu tangu jana.

*Joto.* Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi mchana hufika nyuzi 31 na zaidi, pamoja na unyevu. Sungura huanza kuteseka joto likipita nyuzi 28 au 30, kwa kuwa hatoi jasho na tegemeo lake kubwa la kujipoza ni masikio. Ukimkuta amejinyoosha, anapumua mbiombio, masikio ni ya moto na kidevu kina mate, msogeze kivulini penye upepo, lowesha masikio kwa maji ya kawaida na umwekee ubavuni chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyofungwa kitambaa. Usimzamishe kwenye maji ya barafu, mshtuko wake unaweza kummaliza.

*Chakula cha kuku.* Hapa jirani anaingia. Baadhi ya vyakula vya vifaranga huchanganywa dawa za kuzuia ugonjwa wa kuhara damu, na miongoni mwa dawa hizo zipo, kama salinomaisini na narasini, ambazo ni sumu kwa sungura. Soma lebo ya gunia. Kama lebo haipo au inasema kuna dawa, chakula hicho kisiingie kwenye banda la sungura hata kiganja kimoja. Funga pia njia: kuku akimwaga chakula karibu na banda, sungura atakifikia.

*Meno.* Meno ya sungura hukua maisha yote, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa wiki kwa yale ya mbele, na yasiposagwa na nyasi huinama na kuchoma ulimi au shavu. Dalili ni mate, kidevu kilicholowa, na mnyama anayekifuata chakula, anakishika, kisha anakiacha. Usiyakate kwa kikata kucha. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi. Hiyo ni kazi ya daktari.

*Hofu.* Paka anayelala juu ya banda usiku kucha hahitaji kumgusa sungura ili amfanye mgonjwa.

Cha kufanya wakati unatafuta chanzo: ondoa kila kitu laini, weka nyasi mpya na majani yenye harufu inayovutia kama giligilani, mwache atembee sakafuni, mpapase tumbo polepole. Tumbo likiwa limevimba na kukaza, usimlazimishe chakula kwa bomba la sindano. Acha kila kitu umpeleke kwa daktari ikiwa tumbo limejaa hivyo, ikiwa anasaga meno kwa sauti, ikiwa mwili umepoa, au ikiwa saa 12 zimepita.

Na hata kama anakula, mgeuze mara moja kila siku umtazame nyuma. Manyoya yaliyolowa mkojo au kinyesi huvuta nzi, na katika joto letu mayai huwa funza ndani ya siku moja. Ukiona funza, hakuna cha kujaribu nyumbani. Nenda siku hiyohiyo.

Simbilisi anapumua kwa shida, au hataki kusogea

Dalili hizi mbili huletwa kwangu kama kitu kimoja, "simbilisi amenyong'onyea", lakini zina njia tofauti.

Akiwa hataki kusogea, anachechemea, magoti yamevimba, manyoya yamekosa mng'ao, chanzo cha kwanza cha kufikiria ni upungufu wa vitamini C. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kuitengeneza mwilini. Anahitaji kiasi cha miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Sungura hutengeneza ya kwake, na ndiyo maana simbilisi anayekula peleti za sungura huharibika taratibu huku mwenzake akinawiri. Dawa iko sokoni: pilipili hoho, sukuma wiki, kipande kidogo cha pera. Usitegemee vitamini ya kuyeyusha kwenye maji ya kunywa, maana hupotea haraka kwenye mwanga na joto. Ukirekebisha mapema, nafuu huonekana baada ya siku chache. Asipobadilika ndani ya wiki, au akilia anaposhikwa, kuna jambo jingine: mfupa uliovunjika, vidonda chini ya nyayo kwa sababu ya sakafu ya waya, au jipu.

Akiwa anapumua kwa shida, ana makamasi au macho yanayotoa uchafu, tazama anaishi na nani. Sungura wengi hubeba bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica bila kuugua. Kwa simbilisi bakteria huyohuyo huleta nimonia inayoua. Kwa hiyo ile picha nzuri ya sungura na simbilisi waliolala pamoja kwenye banda moja ni picha ya hatari, ukiachilia mbali teke la sungura linaloweza kumvunja simbilisi mgongo. Watenganishe, na si kwa waya katikati tu; waweke mbali kiasi kwamba mmoja akipiga chafya haimfikii mwingine. Wahudumie simbilisi kwanza, kisha sungura, na unawe mikono katikati.

Chanzo kingine ni hewa ya banda lenyewe. Inamisha kichwa hadi usawa wa sakafu ya banda. Macho yako yakiwasha kwa harufu ya mkojo, mapafu yake yanaungua mchana na usiku. Vumbi la mbao huchangia pia: tumia maranda makubwa, si unga wa mbao, na yawe ya mbao isiyopakwa dawa ya mchwa.

Onyo kuhusu vidonge vya kabati la nyumbani. Watu wengi wakiona makamasi hukimbilia amoksilini iliyobaki ya mtoto. Kwa sungura na simbilisi, amoksilini na penisilini nyinginezo zikipitia mdomoni huua bakteria wazuri wa utumbo, wabaya huchukua nafasi, na mnyama hufa kwa kuhara siku chache baadaye. Mwenye mnyama husema "nimonia imemuua". Mara nyingi ni kidonge.

Ndege amejikunyata chini ya tundu

Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Ukimkuta kasuku mdogo amevimbisha manyoya, macho nusu, ameshuka kutoka kwenye kijiti, hana siku nyingi za kusubiri. Anza na joto: sogeza tundu pasipo upepo, funika pande tatu, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo karibu yake ili upande mmoja ufike nyuzi 30 hivi na upande wa pili ubaki wa kawaida aweze kusogea. Balbu za siku hizi za kuokoa umeme hazitoi joto la kutosha, usizitegemee.

Kisha kagua kibakuli cha chakula, na ukikague kwa kupuliza. Hiki ndicho chanzo rahisi kinachosahaulika kuliko vyote. Kasuku mdogo humenya punje na kuacha ganda juu ya kibakuli, hivyo kibakuli huonekana kimejaa wakati ndani hamna punje hata moja. Puliza, maganda yaruke, uone kilichobaki.

Baada ya hapo, hewa. Mapafu ya ndege huchukua hewa kwa wingi, na sumu pia. Jiko la mkaa kwenye chumba kimoja na ndege ni hatari kwake hata pale ambapo wewe huhisi chochote. Kikaango chenye Teflon kikisahauliwa juu ya moto kikapita kiasi, moshi wake unaweza kuua ndege wote wa nyumba ndani ya dakika chache. Tundu lisikae jikoni. Chumba kikipulizwa dawa ya mbu, ndege watolewe kabla, na wasirudi mpaka hewa ibadilike.

Jike aliyejikunyata, anayekakamka, na tumbo limevimba karibu na mkia huenda ana yai lililokwama. Usilikamue. Likipasuka ndani amekwisha. Joto, unyevu, na daktari siku hiyohiyo.

Mwenye magamba mazito yanayofanana na chokaa kuzunguka mdomo na miguu ana utitiri wa ngozi. Si dharura, unatibika vizuri, ila kila ndege wa tundu hilo atibiwe.

Kama kuna alama yoyote ya jino au kucha ya paka, hata kitobo usichokiona vizuri, nenda kwa daktari mara moja ndege akiwa bado anaonekana mzima. Mdomo wa paka una bakteria wanaomjaza ndege sumu ya damu kwa siku moja au mbili. Kusema "paka alimgusa tu" kumeshamaliza ndege wengi.

Kwa wenye njiwa na kuku: njiwa akipinda shingo, akizunguka, akidonoa punje na kuikosa, mtenge na kuku leo hii. Virusi vya njiwa vya aina hiyo ni ndugu wa virusi vya kideri (Newcastle), ule ugonjwa wa kuku. Kuku wako wapate chanjo ya kideri kwa ratiba. Ile ya I-2 ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Na parachichi lisiwekwe mahali ndege anapofika. Ni sumu kwake, na kwa sungura na simbilisi pia.

Samaki wanahema juu ya maji, au wamekufa wote

Swali la kwanza: wamekufa pamoja au mmojammoja? Wakifa mmojammoja kwa wiki kadhaa, fikiria ugonjwa au uchafu wa maji. Wakifa wote usiku mmoja, fikiria hewa au sumu.

Tangi jipya ndilo linaloua zaidi. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, na bakteria wanaoibadilisha huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Ukijaza samaki kumi siku ya kwanza, wanazama katika sumu yao wenyewe. Jambo hilohilo hutokea kwenye tangi la zamani ukiosha sponji ya kichujio kwa maji ya bomba, maana umewaua bakteria wengi. Ioshe kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini humo. Tiba ya haraka: badilisha robo hadi theluthi ya maji kwa maji yaliyokaa wazi kwenye ndoo kwa saa 24, usiwalishe siku mbili, rudia kesho. Usibadilishe maji yote kwa mkupuo.

Umeme ukikatika, pampu husimama. Katika tangi lenye samaki wengi na maji ya joto, hewa huisha ndani ya saa chache. Chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, mara nyingi, mpaka waache kuhema. Pampu ndogo ya betri ni bei nafuu kuliko samaki wapya.

Kisha kuna ile hali ninayoiuliza kabla mtu hajamaliza kunieleza: usiku huo mlipuliza dawa ya mbu? Dawa nyingi za kupuliza, na zile za kuchoma, zina viambato vya jamii ya pareto. Kwa watu ni salama kiasi, kwa samaki ni sumu kali sana hata kwa kiwango kidogo mno. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji, kwa hiyo kufunika tangi kwa kanga huku pampu inafanya kazi hakusaidii. Kama ni lazima upulize, zima pampu, funika tangi kwa plastiki, puliza, fungua madirisha, subiri hewa isafike, ndipo uwashe. Vyandarua na wavu wa madirisha ni bora kwa nyumba yenye samaki, ndege na paka. Vivyo hivyo mkono uliotoka kumpaka paka dawa ya viroboto usiingie tangini.

Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi mwilini ni vimelea, na karibu kila mara vimekuja na samaki mgeni. Mgeni akae kwenye chombo chake peke yake wiki mbili hadi nne.

Kila mwenye manyoya anajikuna

Chana mnyama juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Vumbi jeusi likigeuka jekundu kwenye maji, hicho ni kinyesi cha viroboto, na hesabu imeisha: chanzo ni paka, hata kama yeye hajikuni. Viroboto wa paka huhamia kwa sungura bila taabu. Mtibu paka, ua mayai kwa kufua matandiko kwa maji ya moto na kufagia pembe na mianya ya sakafu kila siku.

Bila vumbi jeusi, fikiria utitiri. Sungura mwenye ukoko mzito ndani ya sikio, anayetikisa kichwa, ana utitiri wa sikio. Usibandue ukoko, una maumivu makali na hudondoka wenyewe baada ya tiba. Simbilisi mwenye utitiri anaweza kujikuna mpaka akapata degedege.

Duara lisilo na manyoya, lenye magamba pembeni, ni choa. Hiki ni fangasi, kinatoka kwa simbilisi, sungura au paka mdogo na kwenda kwa watoto. Mtoto akipata mapunye kichwani, kagua wanyama wote, na mnyama mwenye duara asipakatwe mpaka apone.

Sasa sehemu ambayo ningependa uibandike ukutani, juu ya kabati la dawa. Dawa moja, wanyama tofauti:

- Permethrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za viroboto na kupe za mbwa: humtetemesha na kumuua paka.
- Fipronili, ya matone ya shingoni kwa mbwa na paka: huua sungura.
- Ivermektini, ambayo daktari humpimia sungura mwenye utitiri: huua kobe.
- Amoksilini na penisilini kwa mdomo: huua sungura na simbilisi.
- Panadoli: huua paka, hata kidonge kimoja.

Muuzaji wa duka la dawa za mifugo amezoea ng'ombe, mbuzi na kuku. Akikwambia "dawa hii ni ya wanyama wote", mshukuru uondoke. Paka aliyepakwa dawa ya mbwa aoshwe mara moja kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, apelekwe kwa daktari pamoja na kichupa chenyewe.

Mkojo mwekundu kwenye banda la sungura

Mara nyingi si damu. Rangi za majani fulani hupita kwenye mkojo na kuufanya wa chungwa au mwekundu. Rangi ikiwa imeenea sawasawa, na inatoweka siku mbili tatu baada ya kubadilisha majani, tulia. Ikiwa ni michirizi au mabonge ndani ya mkojo wa rangi ya kawaida, au sungura anajikaza kukojoa, ni damu. Kwa jike mkubwa ambaye hajafungwa uzazi hili halisubiri, kwani saratani ya mji wa mimba huwapata wengi wao uzeeni.

Ule ukoko mweupe unaobaki sakafuni ni chokaa ya mkojo. Siki huuyeyusha vizuri. Usichanganye siki na dawa ya klorini, gesi yake inadhuru wewe na wao.

Wanapigana, au wamezaana bila kutarajiwa

Chanzo kikubwa ni kukosea jinsia wakati wa kununua. Mwombe daktari akuhakikishie wote siku ya kwanza. Sungura hubeba mimba siku 31 hivi na anaweza kushika nyingine saa chache baada ya kuzaa, na simbilisi naye hushika nyingine mapema hivyohivyo. Watoto wa kiume wa simbilisi watengwe na mama na dada zao wakifika wiki tatu.

Simbilisi jike aliyepita miezi sita au saba bila kuzaa hata mara moja asipandishwe. Mifupa ya nyonga hukaza, na uzazi wa kwanza baada ya hapo huhitaji upasuaji au humuua.

"Mama sungura hanyonyeshi" ni taarifa ninayoipata sana, na karibu kila mara mama hana kosa. Hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, mara nyingi usiku. Angalia matumbo ya watoto asubuhi. Yakiwa ya mviringo na wao wametulia, waache. Yakiwa yamekunjamana na wanalia, hapo ndipo uingilie.

Kobe ana gamba laini au macho yaliyovimba

Kabla ya gamba, sheria. Kobe wa porini ni mali ya taifa. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, Kenya ina yake ya 2013, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa. Kama ameokotwa njiani, wapigie mamlaka za wanyamapori. Hivyo hivyo kwa kasuku wa kijivu.

Kwa mwenye kibali: gamba laini hutokana na kukosa jua halisi na kalsiamu. Jua la dirishani halifai, kioo huzuia mionzi anayoihitaji. Atoke nje asubuhi, penye kivuli cha kukimbilia. Macho yaliyovimba mara nyingi ni upungufu wa vitamini A, lakini akiwa pia na mapovu puani ni nimonia na anahitaji daktari.

Asubuhi banda lina wafu

Siafu. Wanaingia usiku wa mvua na hawabakishi. Simamisha miguu ya banda kwenye makopo yenye maji na mafuta machafu ya injini, hakikisha hakuna jani linalogusa banda na kuwa daraja, na weka kopo mahali sungura au paka hatakunywa. Panya wakubwa hutafuna vidole vya ndege na simbilisi kupitia waya mpana. Tumia wavu wa matundu ya sentimita moja. Usitege sumu ya panya: panya aliyekula sumu huliwa na paka.

Anayeumwa ni mtu

Paka akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa hubebwa na paka pia, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Watoto chini ya miaka mitano wasimshike kobe, na kila aliyemshika anawe kwa sabuni kwa sababu ya salmonela, bakteria wanaoharisha.

Homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu kwa mtu anayesafisha matundu ya kasuku au njiwa huenda ni ugonjwa unaotoka kwenye vumbi la kinyesi chao. Hufanana na malaria na mafua, hautibiwi kwa dawa za malaria, na hutibika vizuri ukijulikana. Vipimo vya malaria vikirudi safi na homa ipo, mtajie daktari kila mnyama uliye naye nyumbani, hata kama hakukuuliza.